Baada ya Bunduki Kurudishwa Ghalani

Mwaka 1907 Daktari Richard Kandt, tabibu na msafiri wa Kijerumani aliyekuwa amekwisha kuitembea Rwanda miaka kadhaa akitafuta chemchemi za mto Nile, aliteuliwa kuwa Rezidenti wa kwanza wa dola ya Kaisari katika nchi hiyo, akachagua kilima cha Nyarugenge kuwa makao ya utawala wake. Na kwa kuwa nchi haitawaliwi kwa kalamu peke yake, alizungukwa na askari, watu weusi kama wenyeji lakini wageni kwa asili, waliotoka Unyamwezi, Usukuma, pwani na hata Sudani, lugha yao ya amri ikiwa Kijerumani na lugha yao ya nyumbani ikiwa Kiswahili. Hao, pamoja na wafanyabiashara Waarabu, Wahindi na Waswahili waliowafuata, ndio waliokuwa wakazi wa kwanza wa mji wa Kigali, na dini yao ikapata msikiti wake Nyamirambo mwaka 1913. Mji ulianza, basi, na watu wanaolipwa kwa kushika bunduki, wala haukupita muda mrefu kabla ya kuonekana kwamba kumlipa askari ni jambo jepesi kuliko kumstaafisha.

Kabla ya Wajerumani Rwanda ilikuwa na majeshi, tena yenye nidhamu kubwa, lakini haikuwa na mshahara. Kila jeshi la mfalme lilikuwa na jina lake, mkuu wake na, jambo lililopita yote kwa uzito, ng'ombe wake, waliohesabiwa kuwa mali ya jeshi lile, wakiongezeka kwa ngawira na kupungua kwa hiba za mfalme. Kijana aliingia katika itorero, akafundishwa kucheza, kughani majigambo, kulenga kwa upinde na kurusha mkuki. Aliyeua maadui 7 alivikwa umudende shingoni, aliyeua 14 alivikwa impotore mkononi, na aliyefikia 21 aliwashiwa moto wa sherehe iitwayo gucana uruti, akawa tangu hapo mtu wa kutajwa barazani. Heshima hizo hazikuwa tupu, maana ziliandamana na ng'ombe, na ng'ombe katika Rwanda ile alikuwa akiba, alikuwa mahari, na alikuwa hoja ya kupewa malisho na mahali pa kujenga. Askari aliyezeeka alirudi kilimani kwao akiwa na kitu kinachotembea chenyewe, kinachozaa, na ambacho jamaa zake hawakuweza kukimaliza kwa usiku mmoja.

Hata hivyo utaratibu ule nao ulikuwa na watu uliowasahau. Hadithi ya Ndabaga, mashuhuri kwa kila Mnyarwanda, ni hadithi ya mzee aliyekuwa akitumikia boma la mfalme katika zama ambapo kanuni ilitaka baba apokewe zamu na mwanawe wa kiume, naye mzee hakujaaliwa ila binti, kwa hiyo akawa kama aliyehukumiwa kufia kazini. Binti akajifunza upinde na mkuki kwa siri, akaenda kuishika zamu ya babaye ili mzee apate kurudi kwake. Wasimulizi humsifu binti kwa ushujaa, nao hawakosei, lakini mimi humwangalia zaidi yule mzee, ambaye ujana wake umetumika, nguvu zimekwisha, nyumba yake ipo, na njia ya kuifikia haipo.

Wajerumani walileta ujira wa mwezi. Askari wa kawaida katika jeshi lao la Afrika Mashariki alilipwa baina ya rupia 20 na 30, fedha nyingi mno ikilinganishwa na ya hamali, ikamwezesha kuoa, kuweka watumishi, kukopesha jirani na kuitwa bwana katika mtaa wake. Lakini ujira huo ulikuwa na uhai mmoja na dola iliyoutoa. Vita vilipozuka mwaka 1914 na manowari za Waingereza zikaziba bandari, sarafu zikaadimika. Serikali ikaanza kuchapa noti za muda kwenye karatasi duni, na mwaka 1916, katika karakana ya reli karibu na Tabora, zikafuliwa sarafu za kuokoa hali. Mwezi Mei mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur, yaliyoingia kutoka Kongo, yaliiteka Kigali, na Kapteni Max Wintgens, aliyeilinda Rwanda kwa kikosi kidogo, akarudi nyuma na askari wake kuelekea kusini. Waliomfuata waliacha vibanda vyao Nyarugenge, na walichobeba mifukoni ni noti zile ambazo thamani yake ilikufa pamoja na Ujerumani katika Afrika. Mtu aliyeweka akiba kwa uaminifu miaka miwili alijikuta sawa na yule aliyelewa miaka miwili. Nami sijui somo la iktisadi lililo baya kuliko hilo kumfundisha askari.

Deni lile lilikaa. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikata shauri kuwalipa malimbikizo askari waliokuwa bado hai, na husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti, wengine wakiwa na vipande vya sare vilivyochakaa, na wengine mikono mitupu. Ofisa wa benki, akiwa hajui amwamini nani, akamkabidhi kila mzee ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani aweke silaha begani, ashushe, atoe heshima. Na hakuna hata mmoja aliyekosea. Hadithi hiyo huchekesha, nayo husimuliwa ili ichekeshe, lakini ukiipima utaona kwamba miaka 46 ilikuwa imepita tangu vita kwisha, na ya kuwa aliyekufa katika mwaka wa 45 hakuitwa Mwanza wala hakupewa ufagio. Wala isidhaniwe kuwa ucheleweshaji wa namna hiyo ni desturi ya makoloni tu: mwaka 1932 maelfu ya Wamarekani waliopigana vita hivyo hivyo vya dunia walipiga kambi katika Washington kudai zawadi waliyokuwa wameandikiwa hati mwaka 1924 na ambayo haikuwa ilipwe mpaka 1945, wakakaa katika vibanda vya mbao na mabati pamoja na wake zao na watoto, hata tarehe 28 Julai jeshi la nchi yao likawatoa na vibanda vikachomwa moto.

Zama za Wabelgiji nitazipita haraka, kwa sababu ulinzi wa Rwanda ulikuwa mikononi mwa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, na Wanyarwanda hawakuwa na jeshi lao la kisasa mpaka siku za mwisho za udhamini, lilipoundwa mwaka 1960. Jeshi hilo lilikuwa dogo, na kazi ndani yake ilikuwa riziki ya kuonewa wivu katika nchi yenye ardhi finyu na ajira chache. Vita na waasi wa RPF (Rwandan Patriotic Front) vilipoanza tarehe 1 Oktoba 1990, lilikuwa na watu kama 5,000; katika muda wa miaka miwili mitatu likapindukia 30,000, wengi wao vijana waliochukuliwa upesi, wakapewa sare, chakula na mshahara mdogo, na mara hiyo hiyo wakaanza kusikia kwamba huko Arusha wakubwa wanazungumza juu ya kuwapunguza.

Hapa pana tukio ambalo husahauliwa kwa kuwa lilifunikwa na makubwa zaidi yaliyofuata. Mwishoni mwa Mei 1992, mazungumzo ya amani yakiwa yameanza kuonekana kuwa ya kweli, uvumi ulienea katika kambi za kaskazini kwamba askari wataachishwa bila malipo. Katika Gisenyi na Ruhengeri wakaasi, wakavunja maduka na kupora, na raia wakauawa. Mkataba wa Arusha, uliotiwa sahihi tarehe 4 Agosti 1993, uliweka jeshi jipya la pamoja la watu 13,000 na jandarmeria ya watu 6,000, maana yake kwamba pande zote mbili kwa jumla zilikuwa zibakize 19,000, na makumi ya maelfu warudi kwao na posho ya kuagia. Wenye kupanga mauaji waliitumia khofu hiyo pamoja na nyingine nyingi. Sisemi kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalitokana na posho za askari, maana hayo yalikuwa na waandaaji wake, itikadi yake na orodha zake. Nasema tu kwamba amani iliyoandikwa Arusha ilikuwa na mlango mmoja usio na bawabu, nao ni mlango wa kutokea jeshini.

Upande wa pili wa vita walikuwapo askari wa namna nyingine. Wapiganaji wa RPF hawakuwa na mshahara hata kidogo. Walikuwa watu wa kujitolea, wengi wamezaliwa au kukulia katika makambi ya wakimbizi ya Uganda, wengine wametoka Burundi, Zaire na Tanzania, baadhi yao wamekwisha kulitumikia jeshi la Yoweri Museveni tangu porini Luwero. Walipoingia Kigali tarehe 4 Julai 1994, walikuwa wanaukomboa mji ambao aghalabu hawakuwa wamewahi kulala ndani yake usiku mmoja, tena katika nchi ambayo wazee wao waliiacha mwaka 1959 na miaka iliyofuata, mashamba yao yakagawiwa wengine zamani. Mji ulikuwa umekaribia kuwa mtupu. Maelfu kwa maelfu ya waliokuwa uhamishoni wakaingia nyuma ya jeshi, wakakaa katika nyumba walizozikuta wazi, na askari wengi waliwaweka humo wazazi na ndugu zao waliotoka Uganda na mikeka na masufuria.

Makazi hayo yalikuwa ya muda, ijapokuwa wakaaji hawakupenda kuyaita hivyo. Itifaki ya Arusha juu ya wakimbizi ilisema kwamba aliyeondoka nchini zaidi ya miaka 10 nyuma asidai mali iliyokwisha kushikwa na mwingine, serikali impe mahali pengine. Bali yule aliyekimbia mwaka 1994 alikuwa na haki kamili ya nyumba yake. Novemba 1996 makambi ya Zaire yalipovunjika, na Desemba yale ya Tanzania, mamia ya maelfu walirudi kwa miguu, na wenye nyumba wakaanza kugonga milango. Askari aliyekuwa mstari wa mbele alipata barua kwamba mama yake anatolewa katika nyumba ya Gikondo au ya Remera, naye hakuwa na akiba ya kununulia hata kiwanja, kwa kuwa miaka minne ya vita alilishwa, alivikwa, na hakulipwa.

Ni katika hali hiyo kwamba mwaka 1997 vilianzishwa vyombo viwili ambavyo, kwa maoni yangu, vinapaswa kusomwa pamoja, ijapokuwa kila kimoja kina ofisi yake na taarifa zake. Cha kwanza ni Tume ya kuwaachisha askari na kuwarudisha katika maisha ya kiraia, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Jean Sayinzoga mpaka alipofariki mwaka 2017. Cha pili ni Zigama, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, ambacho mshahara wa askari hupita kwanza mikononi mwake, kikakata fungu la akiba kabla mwenyewe hajaiona fedha, na kumkopesha kwa riba iliyo chini ya ile ya mabenki ya biashara. Tume iliwashughulikia wanaotoka. Zigama iliwashughulikia wanaobaki. Na hapo ndipo bahati ya watu ilipogawanyika, kwa sababu katika awamu ya kwanza, baina ya 1997 na 2001, askari zaidi ya 18,000 waliondolewa jeshini wakati ambapo Zigama ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza kutembea, na akiba ya miezi kadhaa si akiba ya kujengea.

Awamu ya pili ilikuwa kubwa zaidi na fedha zake zilikuwa za kimataifa. Mkataba wa Pretoria baina ya Rwanda na Kongo ulitiwa sahihi tarehe 30 Julai 2002, majeshi ya Rwanda yakatoka Kongo mwezi Oktoba, na Benki ya Dunia ikawa imekwisha kuandaa mpango wa nchi za Maziwa Makuu wenye kukadiriwa dola milioni 500, wa kuwaachisha wapiganaji kutoka Angola mpaka Uganda. Katika Rwanda mpango huo ulichukua makundi matatu kwa pamoja: askari wa serikali, waliokuwa katika jeshi la zamani, na wapiganaji waliokuwa wakirudi kutoka misitu ya Kivu, hawa wa mwisho wakipitishwa katika kituo cha Mutobo, karibu na Musanze, kwa mafunzo ya miezi. Novemba 2003 alirudi Paul Rwarakabije, aliyekuwa kamanda wa waasi wa FDLR, na baadaye akawa mmoja wa makamishna wa Tume ile ile, akiwapokea watu aliokuwa akiwaamrisha. Fidia ya utumishi ilikwenda kwa cheo kwa wale wa jeshi. Lakini kila mmoja, awe wa upande upi, alipewa faranga 50,000 za kuanzia, na baadaye faranga 120,000 za kumweka sawa katika kazi.

Faranga 50,000 mwaka 2002 zilikuwa kama dola 100. Tuitazame fedha hiyo jinsi inavyotoka, kwa kuwa hapa ndipo watu wa mjini wanapopenda kutikisa kichwa na kusema: walipewa, wakanywa. Mtu huyu ana umri wa miaka 30 au zaidi. Anashuka garini akiwa na kitambulisho kipya, begi moja, na suruali ambayo si sare, na habari za fedha zake zimekwisha kumtangulia. Nyumbani yuko mama ambaye jirani alimlisha miaka 6, na jirani yule haombi kitu ila anakuja kusalimu. Yuko ndugu aliyesoma kwa mkopo. Lipo kaburi lisilojengewa. Na yupo binti ambaye jamaa zake wanataka inkwano, yaani ng'ombe au thamani ya ng'ombe, maana mwanamume wa makamo asiye na mke hahesabiwi kuwa amerudi. Atanunua godoro, atalipa chumba, atawanywesha bia ya Primus watu waliokuja kumpa pole, kwa sababu kutowanywesha ni tusi. Mwezi ukiandama wa pili amebaki na godoro. Wapo walioimaliza kwa ulevi, sikatai, na wapo waliorogwa na michezo ya karata. Lakini wengi waliifuja fedha hiyo kwa namna ambayo kila mtu mwungwana katika Rwanda angeifuja, kwa kulipa madeni ya heshima ambayo jeshi halikuyaweka katika hesabu zake.

Jeshi, tena, humlea mtu katika hali ya kutojua bei. Miaka kumi halipi kodi, hanunui chumvi, haendi sokoni, haulizi unga umepanda kiasi gani. Anaagizwa aamke, anaagizwa ale. Tadbiri ya mali ni mazoea kama mazoea ya bunduki, na mazoea hayo hakufundishwa mtu. Tume ilikuja kulitambua jambo hili, ndiyo maana zile 120,000 hazikutolewa kiholela bali kwa andiko la shughuli: duka, mbuzi, cherehani, shamba la viazi; na watu wakahimizwa kujiunga katika vyama vya ushirika. Dawa hiyo ilikuwa na uchungu wake, kwa kuwa wapiganaji kumi wa kata moja, waliofundishwa darasa moja, mara nyingi waliandika shughuli moja, na kijiji kikapata vibanda kumi vya sabuni na mafuta ya taa badala ya wanunuzi kumi. Uganda, iliyowaachisha zaidi ya 36,000 baina ya 1992 na 1995, ilikuwa imewatia watu wake katika mizigo ya kuagia mabati ya kuezekea. Nami, nikiwa mtu nisiyependa sana hekima ya ofisi, naona kwamba bati lilikuwa na akili kuliko noti, kwa sababu shangazi haombi nusu ya bati.

Tatizo la Kigali lilikuwa zaidi ya hilo. Askari aliyerudi kijijini Gicumbi au Nyamagabe alikuta walau kipande cha ardhi ya babaye, ijapokuwa ndugu wamekwisha kukigawana. Aliyekuja mjini alikuta soko. Mji ambao wakati wa uhuru, mwaka 1962, ulikuwa na watu kama 6,000, ulihesabiwa kuwa na watu takriban 600,000 mwaka 2002, zaidi ya milioni 1.1 mwaka 2012, na kiasi cha milioni 1.7 mwaka 2022. Ardhi ikapimwa, ikapewa hati, zaidi ya vipande milioni 10 nchini pote baina ya 2009 na 2013, jambo jema kwa mwenye kipande na jambo zito kwa asiye nacho, maana kilichoandikwa kina bei. Ramani kuu ya mji ikataka majengo ya kudumu. Matofali ya udongo mbichi yaitwayo rukarakara, ambayo fakiri huyafyatua mwenyewe kwa miguu yake na maji ya mtoni, yakakatazwa mjini muda mrefu, na hayakuruhusiwa tena mpaka 2019, tena kwa masharti. Mwaka 2008 mtaa wa Kiyovu ya maskini, chini ya kilima kile kile cha Kandt, ulibomolewa na wenye nyumba wakahamishiwa Batsinda. Sheria ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma humlipa fidia mwenye nyumba. Mpangaji hufunga godoro lake.

Na mstaafu wa vita, katika Kigali, aghalabu ni mpangaji. Wengi walipata kazi katika makampuni ya ulinzi, kwa kuwa ndiko ujuzi wao ulikotakiwa bila vyeti vya shule. Wengine wakaendesha pikipiki. Wengine wakabeba zege katika majengo. Mshahara wa mlinzi hutosha kodi ya chumba Kimisagara au Gatsata na sahani ya maharage, na ukikatika mwezi mmoja tu kwa ugonjwa, mwenye nyumba hana jeshi la kumkumbuka. Asiye na makazi wa Kigali si yule alalaye juu ya baraza la duka, maana mji huo hauruhusu watu kulala barazani. Ni mtu anayehama chumba baada ya chumba, kutoka kwa rafiki wa kikosi hadi kwa binamu, vitu vyake vikipungua katika kila safari, na anwani yake ikiwa ni namba ya simu.

Kwa majeruhi njia ilikuwa nyingine. Sheria ya tarehe 20 Januari 2007 iliwawekea walemavu wa vita ulinzi wao mahususi, wakapangwa katika madaraja kwa kadiri ya ulemavu, na wale wa madaraja mazito wakapewa posho ya kila mwezi na nyumba. Huko Nyarugunga, wilaya ya Kicukiro, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe na hospitali ya jeshi, waliwekwa watu waliokatika miguu kwa mabomu ya ardhini au waliopooza kwa risasi za uti wa mgongo. Katika nyumba ya mtu wa kiti cha magurudumu ngazi moja ni ukuta, na mlango mwembamba kwa kiasi cha kiganja hauna tofauti na mlango uliofungwa. Mpango huu haukufanya kila mtu aridhike, lakini una fadhila moja ambayo faranga 50,000 hazikuwa nayo: nyumba haigawanyiki kwa wageni wa siku ya kwanza, na posho ikija kwa mwezi, kosa la mwezi huu halili riziki ya mwezi ujao.

Wanawake nao walijitafutia njia. Mwaka 2001 waliokuwa wapiganaji walianzisha chama wakakiita Ndabaga, kwa jina la binti yule wa hadithi, kikiwaunganisha wanawake waliotoka jeshini wakakuta kwamba jamii haijui iwaweke wapi: si bibi harusi tena, si askari tena, na katika mgao wa ardhi ya baba, kabla sheria ya urithi ya 1999 haijazoeleka vijijini, si mrithi. Walijifunza ususi, udereva na useremala, wakawekeana akiba, kila mmoja akiwa mdhamini wa mwenziwe.

Haki inataka pia kutaja kwamba vita havikuwaacha watu wote katika hali moja. Katika mashariki, mbuga ya Akagera ilipopunguzwa mwaka 1997 na ardhi kubwa ikafunguliwa kwa waliorudi na mifugo, baadhi ya wakubwa wa jeshi na wa serikali walijipatia mashamba ya malisho ya mamia ya hekta, hata mwaka 2008 tume ya ugawaji upya iliyoongozwa na Jenerali Fred Ibingira ikayakata, ikaweka kiwango cha hekta 25 kwa mfugaji. Kwa hiyo palikuwa na muda wa miaka kumi ambamo mshindi mmoja wa vita alihesabu hekta na mwingine, wa kikosi kile kile, alihesabu siku zilizobaki za kodi. Tofauti kati yao haikuwa kwamba mmoja alijua kutunza fedha.

Agosti 2023 Rais Paul Kagame aliidhinisha kustaafu kwa majenerali 12, miongoni mwao James Kabarebe na Ibingira huyo huyo, pamoja na maofisa na askari wa vyeo vya chini, wengine kwa umri, wengine kwa kumaliza mkataba, wengine kwa maradhi. Askari wa sasa anayetoka hivyo amekatwa akiba tangu mshahara wake wa kwanza, na kama alikuwa mwangalifu amekwisha kukopa Zigama na kujenga angali na sare, deni likilipwa na mshahara kabla hajaingia katika maisha ambayo hayana mshahara. Waliotoka kati ya 1997 na 2001 hawakupata nafasi hiyo, nao sasa ni watu wa miaka 50 na 60, umri ambao kampuni ya ulinzi humwangalia mtu mara mbili kabla ya kumpa zamu ya usiku. Na wale wanaoendelea kushuka kutoka Kivu kupitia Mutobo hawakukatwa kitu na mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyewalipa. Hesabu yao inaanza siku wanapopokea fedha ya kwanza, na atakayeamua kuja Kigali badala ya kubaki kilimani kwao ataikuta kodi ya miezi ya mwanzo ikidaiwa kabla hajapewa ufunguo.